Kila Kipele Kikiitwa Shurua

Bi Swabaha wa Kibokoni hamwachi mtoto apite hivi hivi. Mtoto akiingia ukumbini kwake ameandamana na mamake, kabla hajapewa kaimati wala kuulizwa jina, vidole viwili vya Bi Swabaha vitakuwa vimeshafika nyuma ya sikio lake, vikishuka taratibu mpaka shingoni na kurudi. Wageni hudhani anambembeleza mtoto. Watu wa mtaani wamezoea, na wenye utani humwita Daktari Hina. Yeye huwaacha wacheke. Anatafuta kitu pale nyuma ya sikio, na kila asipokikuta hushusha pumzi, ndipo akakumbuka kumkaribisha mgeni.

Kazi yake ni hina na piko, ile rangi nyeusi ya maua ya mikononi. Mji wa Kale wote, na Makadara, na hata kwa jamaa waliohamia Buxton, bibi harusi anayetaka maua yakae sawa mkononi hupelekwa kwa Swabaha, au Swabaha hufuatwa. Ana mkono mwepesi na mdomo mzito, isipokuwa kwa jambo moja. Msichana akija kuweka siku yake, Swabaha hamuulizi harusi ni lini wala maua gani anayataka. Humuuliza, "Rubela umedungwa?"

Wasichana hucheka. Mama zao hununa. Naye hana habari nao, huendelea kueleza kwamba sindano hiyo hupigwa kabla ya harusi, kwamba mwenye mimba hapigwi, kwamba aliyepigwa asubiri mwezi mzima kabla ya kutafuta mtoto, na kwamba kwa umri wao hakuna atakayewafuata majumbani, lazima waende wenyewe wakaulize. Mama mmoja alimwambia wazi, "Bi Swabaha, tumekuja kutaka hina, hatukuja zahanati." Swabaha akamwambia basi hina yake ataipata kwa mwengine, na mama akarudi kesho yake amenywea, binti kaenda kudungwa, kwa sababu wapakaji wengine wapo lakini mkono wa Swabaha haupo.

Jambo hilo lina jina, na jina lake ni Aida.

Aida alikuwa mwanawe wa pekee. Alizaliwa mdogo mno, macho yametanda ukungu mweupe. Madaktari wakasema ni mtoto wa jicho, wakampasua, akaona kidogo. Moyo wake ulikuwa na tundu. Sauti hakupata kuisikia hata moja, si adhana ya msikiti ulio pua na mdomo na nyumba yao, wala jina lake mwenyewe. Mamake akimtaka alimwita kwa kisigino. Alipiga sakafu ya mbao ya chumba cha juu mara mbili, na mtoto aliyeinamia vitu vyake aligeuka huku anacheka. Alikaa duniani miaka sita, kisha moyo ukachoka. Babake hakukawia baada ya hapo. Alisafiri Muskati kutafuta kazi, akapata kazi na mke.

Na Aida hakutoka nyumbani humo. Hilo Swabaha hamwambii mtu, maana anajua ataitiwa masheikhe wamsomee. Lakini akiwa chini mchana, anachekecha hina kwenye kitambaa, husikia mbao za juu zikilia hatua fupi fupi, na chumba hicho hakina mtu. Zamani alikuwa akipanda ngazi mbio. Siku hizi hukaa papo hapo, akapiga kisigino mara mbili, akangoja. Kuna siku mbao humjibu. Anaziogopa siku hizo, na zile ambazo mbao hazijibu anaziogopa zaidi.

Daktari wa macho ndiye aliyemfumbulia kilichomfika Aida. Alikuwa mtu wa bara, mpole, akamuuliza kama aliwahi kutoka vipele mimba ilipokuwa changa. Swabaha akakumbuka. Alitoka vipele vidogo vya rangi ya waridi, usoni na kifuani, na vifundo vya mikono vikamuuma, akadhani ni harara ya joto, akajipaka liwa, vikaondoka. "Hiyo ilikuwa rubela," daktari akasema. "Kuna mtu alikuambukiza, na mara nyingi ni mtoto. Huwa na vipele hivyo hivyo, na vijitezi nyuma ya masikio." Swabaha akauliza kama hiyo rubela ndiyo shurua. Daktari akatikisa kichwa. Shurua ni kitu kingine, akasema. Hii siyo shurua.

Neno hilo Swabaha alilishika kama mtu anavyoshika kamba kisimani. Siyo shurua. Basi akaanza kumtafuta huyo mtu. Alizipitia moyoni nyumba zote alizoingia mwaka ule kupaka watu. Alimkumbuka mtoto wa mtaa wa Kuze aliyelala na homa juu ya mkeka wakati yeye anampaka hina shangazi wa mtoto huyo. Alimkumbuka mama wa Mwembe Tayari aliyempakata mwanawe anajikuna. Akamchukia huyu, akamwacha, akamchukia yule. Waliokuwa na shurua aliwatoa hesabuni moja kwa moja, kwani daktari si alisema? Akabaki na mtu asiye na sura, na mtu huyo ndiye aliyekaa naye nyumbani miaka mingi kuliko mume. Alimsema mbele ya dadake Mwanakuu si mara moja. "Siku nitakayomjua," alikuwa akisema, "hata kama yuko kaburini, nitamfuata nimwambie alilonifanyia."

Mwanakuu ni dadake mkubwa, baba mmoja mama mmoja, mwanamke wa sauti kubwa na huruma kubwa, na wa uongo mdogo mdogo anapoona uongo utaleta salama. Binti yake, Yumna, alikuwa mtoto wa nyumba zote mbili. Alimzidi Aida karibu miaka miwili, akacheza naye wakati watoto wengine wanamkimbia. Aida alipokufa, Yumna alihamia kwa halati yake, mama yake mdogo, mwaka mzima bila kutumwa na mtu, akilala kwenye kitanda cha Aida ili kisiwe kitupu. Swabaha anampenda Yumna hivi kwamba mara nyingine humwonea haya marehemu mwanawe.

Yumna alipoolewa mwaka jana, Swabaha alimpaka mwenyewe mpaka juu ya viwiko, na swali lake alimuuliza kama anavyowauliza wote. Mwanakuu ndiye aliyejibu, tena upesi. "Alidungwa shuleni na wenziwe, ile ya shurua na rubela ilipoletwa. Wewe mchore tu." Swabaha akamchora.

Sasa ikaja siku ya hina ya binti mmoja wa Makadara. Ukumbi ulijaa wanawake na moshi wa udi, bibi harusi kanyoosha miguu juu ya mto, Swabaha amemwinamia na koni yake. Yumna alikuja na mamake kama wageni wengine. Swabaha alipofungua chupa ya mafuta ya mkaratusi, Yumna aligeuza uso, akaziba pua kwa ncha ya leso, akasogea mpaka dirishani. Msichana huyo alikulia ndani ya harufu hiyo. Swabaha alimtupia jicho moja tu akajua.

Alijua na akanyamaza, kwa sababu ndivyo ilivyo. Mimba changa haisemwi. Mji wa Kale mwanamke huificha mpaka miezi mitatu ipite, wengine mpaka tumbo lenyewe lijiseme, kwa kuogopa jicho la watu. Mumewe atajua. Mamake mzazi huenda asijue. Swabaha mwenyewe aliificha yake hivyo hivyo, hata Mwanakuu hakumwambia. Kwa hiyo alitabasamu, akaendelea kuchora jani kwenye kifundo cha mguu, na furaha ikamjaa kifuani.

Basi akainua macho tena. Kitoto cha kike, mjukuu wa mwenye nyumba, kilikuwa kimemkumbatia Yumna shingoni, kinalishwa halua kwa mkono wake, na uso wake umebandikwa kwenye shavu la Yumna.

"Ndoo hapa, mama," Swabaha akakiita.

Kikaja. Vidole vikaenda nyuma ya sikio, na mara hii vikakuta. Vijitezi viwili, vigumu, kama punje za mbaazi chini ya ngozi. Akalifunua gauni mgongoni. Vipele vya waridi, vimeshaanza kufifia.

"Mtoto huyu ana nini?"

"Ah, shurua hiyo," bibi yake akajibu bila kugeuka, anagawa chai. "Tena imeshamwisha. Yana alikuwa mwekundu, yeo si wamwona acheza? Ni shurua ndogo tu."

"Yumna," Swabaha akasema. "Toka nje."

Yumna akauliza, "Nitoke kwa nini, halati?"

"Toka, mwanangu. Enda ukakae barazani."

Mwanakuu akacheka kicheko cha kuokoa jahazi. "Swabaha nawe na vipele vyako! Yumna shurua ameshaugua tangu mtoto. Haimrudii tena."

"Nani humu hajaugua shurua?" mwengine akadakia, na wanawake wakaangua kicheko. Hata bibi harusi alicheka, na ua la mguuni likavurugika.

Uongo wa kumtoa Yumna pale ulikuwa tele, na baadaye Swabaha aliupata wote, mmoja baada ya mwengine. Angesema anaitwa na mumewe. Angejifanya ameishiwa na limau amtume. Wakati ule hakuupata hata mmoja. Alichosikia ni juu ya dari ya nyumba hiyo ya watu, nyumba ambayo Aida hakupata kuikanyaga, hatua fupi fupi zikipita. Hata kwamba Yumna alidungwa shuleni hakukumbuka; mdomo ukafunguka wenyewe.

"Yumna ana mimba," akasema. "Na vipele hivi humla mtoto tumboni. Kama kuna mwengine humu mwenye mimba changa naye atoke. Simtaki jina."

Zikafuata mashallah, zile za polepole ambazo mtu angependa asisemewe. Yumna alijifunika uso kwa leso. Mwanakuu alisimama mdomo wazi. Jambo ambalo alitakiwa anong'onezwe na mwanawe faraghani alilipata pamoja na majirani, kikombe mkononi. Pembeni mwanamke mmoja kijana alivaa buibui lake bila kusema neno, akapita kati ya viatu mlangoni, akaenda zake.

Huko nje kichochoroni Mwanakuu alimkamata mdogo wake kifua kwa kifua.

"Umemvua nguo mwanangu mbele ya watu! Macho yote yale! Likimpata lolote, Swabaha, lolote, ni huo mdomo wako."

"Halitampata," Swabaha akasema, anahema. "Si alidungwa? Wewe uliniambia alidungwa shuleni."

Tuktuk ikapita, wakajibana ukutani, ikaondoka, Mwanakuu akitengeneza buibui lake.

"Dada."

"Nilimfungia nyumbani siku ile," Mwanakuu akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa imekwenda wapi sijui. "Watu walikuwa wasema yafunga kizazi cha wasichana. Nikasema, shurua ameshaugua, adungwe ya nini? Wewe nilikwambia hivyo ili upate kutulia. Wajua ulivyo."

Swabaha alimtazama dadake na kwa mara ya kwanza maishani alitaka kumpiga. Aliwapeleka kudungwa mabinti wa watu wasiomhusu kwa maneno makali na kwa kuwanunia, na huyu, wa damu yake, alimpaka maua akamwacha aende hivyo hivyo. Yumna alisimama kati yao, mkono juu ya tumbo ambalo halijaonyesha kitu. "Jamani," akasema, "mwagombana nyinyi. Mimi nifanyeje?"

Asubuhi walikwenda kliniki moja upande wa Buxton. Muuguzi alikuwa Eddah, Mkamba, mume wake mfanyakazi wa bandarini, na Kiswahili chake kimeshachanganyika na cha pwani kikatoka cha namna yake. Aliwasikiliza wote watatu wakisema kwa pamoja, kisha akawaomba mmoja aseme. Akamtoa Yumna damu. Akaeleza kuwa wataangalia kama mwilini mna kinga ya zamani. Ikiwemo, mtoto hana neno.

"Na isipokuwemo?" Swabaha akauliza.

"Tutarudia kupima, tuone kama imemshika."

"Na ikimshika? Kuna dawa?"

Eddah alifunga kichupa cha damu, akakiandika jina. "Hapana, mama. Na sindano sasa hatuwezi kumpa, ameshachelewa. Tungoje majibu kwanza."

Majibu yalikuwa yanatoka maabara nyengine, ikabidi kungoja. Siku hizo Swabaha hakumpaka mtu. Alikaa chini ya ngazi na unga wa hina mapajani, hauchekechi, na chumba cha juu hakikunyamaza. Mwanzo zilikuwa hatua zile anazozijua. Kisha, alasiri moja jua likiwa kali nje na wauza viazi karai wanapita, alisikia jozi ya pili, nyepesi kuliko ya kwanza, zikifuatana na zile, zikisimama zinaposimama. Alipiga kelele, "Huyu hapana! Huyu mwacheni!" na jirani akachungulia kuuliza anagombana na nani. Akasema na paka.

Hakulia. Alimkasirikia yule mtu asiye na sura kuliko siku zote. Huyo ndiye aliyeanzisha haya, alijiambia, huyo na mtoto wake mwenye vipele, na pengine wako mahali wanakunywa chai, mtoto ameshakuwa mtu mzima ana wake, hawajui walichokiacha nyuma.

Siku walipoitwa, Eddah aliwafungulia mlango anacheka, na Swabaha akajua kabla ya neno.

"Ana kinga," Eddah akasema. "Nzuri kabisa. Tena ni ya zamani, siyo ya juzi. Yule mtoto wa harusini hakumfanya kitu."

Mwanakuu alipiga vigelegele pale pale ukumbini mpaka askari wa mlangoni akaja kuangalia. Yumna alicheka na kulia kwa pamoja. Swabaha alikaa chini sakafuni, akasema alhamdulillahi, akairudia mpaka Eddah akamletea maji. Dada alimwinamia, akambusu kichwani. "Nisamehe maneno yangu," akamwambia. "Mdomo wako uwe papo hapo siku zote." Wakacheka wote. Furaha ilikuwa kubwa, na ingekuwa vyema hadithi hii iwaache hapo.

Lakini Yumna ni mtu wa kuuliza.

"Sista, mimi sikudungwa ile ya shuleni," akasema. "Kinga hii basi nimeitoa wapi?"

"Kinga hutoka kwa sindano au kwa ugonjwa wenyewe. Kama hukudungwa, uliugua."

"Hajaugua rubela huyu," Mwanakuu akasema, bado anafuta machozi. "Ameugua shurua tu."

"Shurua ndiyo ukambi?" Eddah akauliza. "Sisi kwetu twaita ukambi. Na ukambi hakuchanjwa akiwa mdogo, ile ya miezi tisa?"

"Alichanjwa! Hiyo nilimpeleka mwenyewe. Wakati huo hakukuwa na maneno ya kizazi."

"Kisha tena akaugua?"

"Ashaanza kutembea. Lakini ilikuwa nyepesi, siku tatu ikaisha, nikasema ndiyo faida ya chanjo. Vipele vya waridi hivi, na hapa nyuma ya masikio pamevimba kidogo." Mwanakuu aligusa shingo yake kuonyesha. Alikuwa amechangamka, anasimulia utoto wa mwanawe kama mama yeyote. "Hata hakulala kitandani. Alimng'ang'ania Swabaha! Mimi nilikuwa na wageni wa Lamu, mikono imejaa, Swabaha ndiye aliyekaa naye mchana kutwa, amemlaza kifuani, akimtua tu alia—"

Akakoma.

Eddah hakuona kitu. Alikuwa akiosha mikono, amewapa mgongo. "Basi hiyo ndiyo ilikuwa rubela," akasema. "Watu wengi huita yote shurua. Ukambi wenyewe mtoto huugua sana, akohoe, macho yawe mekundu. Hii hupita kama mchezo. Mtoto mwenyewe haimdhuru sana. Ubaya wake ni kukiwa na mama mjamzito karibu, ambaye hana kinga." Akachukua taulo. "Huyu wako akizaliwa mlete akifika miezi tisa. Siku hizi zimeunganishwa, ukambi na rubela, sindano moja. Na ya pili akiwa na mwaka na nusu."

Swabaha alikuwa angali sakafuni, glasi ya maji mkononi. Alikuwa akihisi kichwa kidogo chenye joto chini ya kidevu chake, nywele laini zilizolowa jasho, na mkono wake mwenyewe ukipapasa shingo ya mtoto amlaze. Mkono huo ulipita nyuma ya sikio lile. Haukujua bado cha kutafuta. Naye alikuwa na siri yake tumboni, hajamwambia mtu, na alimkumbatia mtoto wa dadake kwa hamu zaidi kwa sababu ya siri hiyo, akijifundisha. Nyumba zote alizipekua miaka yote hiyo, Kuze na Mwembe Tayari na kwengineko. Hii ya dadake hakuipekua, kwani humo palikuwa na shurua, na daktari alisema siyo shurua.

Yumna alikuwa akimtazama. Alimtazama mamake, akamrudia.

"Halati," akasema polepole. "Wakati huo ulikuwa na mimba ya Aida?"

Mwanakuu aliweka kiganja mdomoni. Swabaha alifikiria uongo, na safari hii uongo ulikuja mwingi na mzuri. Akachukua ule uliokuwa karibu na kweli.

"Mwaka ule nilishika watoto wengi, mwanangu. Ndiyo kazi yangu, majumbani mwa watu."

"Na mimi ulinishika."

"Nilikushika," Swabaha akasema. "Ulikuwa na homa."

Walitoka nje kwenye jua. Yumna alikwenda mbele kutafuta tuktuk, na Mwanakuu akaushika mkono wa buibui la mdogo wake, akaung'ang'ania.

"Sikujua kama una mimba. Wallahi sikujua. Ungeniambia, Swabaha."

"Ningekwambia, ungemweka mbali nami?"

Mwanakuu alifikiri. Alitaka sana kusema ndiyo, na uongo mdogo wa kuleta salama haukuwa umewahi kumshinda, lakini siku hiyo ulimshinda. "Kwa shurua?" akasema. "La. Wewe shurua ulishaugua. Tulikuuguza na mama."

"Basi."

"Hutamchukia mwanangu?"

Swabaha alikuwa akimwangalia Yumna huko ng'ambo, amesimamisha tuktuk, anabishana na dereva, na mkono mmoja uko tumboni bila mwenyewe kujua. Kisha Yumna alirudi kuwavusha. Alimshika halati yake kiganja kwa kiganja, akasubiri magari yapungue, uso wake hauna rangi. Alikuwa ameshaelewa, na alikuwa akingoja kuambiwa.

Miaka yote hiyo Swabaha alikuwa ameyapanga maneno yake, makali, moja baada ya jengine, kwa ajili ya mtu yule asiye na sura. Sasa mtu mwenyewe alikuwa hapa, mkono wake una joto. Swabaha aliyatafuta yale maneno na hakupata hata moja la kumwambia, wala hakuwa tena na mtu mwengine wa kumwambia. Wakavuka barabara.